Kazi za Nyumbani: Gonga sakafu mbele ya kununua makaro

Ndugu msomaji, mbele ya kuendelea na ukurasa huu, fanya jambo moja dogo. Kamata nyundo. Kama nyundo haiko, kamata jiwe la ukubwa wa yai. Ingia katika chumba cha kuogea, inama, gonga sakafu polepole: katikati, pembeni ya ukuta, karibu na mlango, na pale maji yanapotokea. Sikiliza vizuri. Mahali pengine utasikia sauti fupi na kavu, kama ya kugonga jiwe. Mahali pengine labda utasikia sauti ya ngoma. Pale penye ngoma weka alama ya makaa. Kisha rudi, ukae, tuzungumze.

Mwezi huu tunaongea juu ya makaro ya chumba cha kuogea. Si juu ya rangi yake, wala namna ya kuyapanga. Tunaongea juu ya kile kinacholala chini yake. Kwa maana katika miji yetu na kambi zetu za wafanyakazi, jamaa nyingi zinaweka feza nyingi katika makaro, na nyuma ya miezi michache makaro yanaanza kuinuka, na feza imekwenda.

Sikia habari ya jamaa moja. Baba alikuwa amepata malipo yake ya mwisho ya kazi. Binti yao alikuwa karibu kuolewa, na wageni wa upande wa bwana walipashwa kulala kwao siku tatu. Mama akasema:

«Baba, bageni bataoga fasi gani? Ile dushi yetu inaleta haya.»

Mama alisema kweli. Sakafu ilikuwa ya sima ya zamani, yenye sira nyekundu, na nyufa mbili. Wakaita fundi kijana. Akatazama, akapiga mguu chini mara moja, akasema:

«Papa, iko nguvu. Tubandike tu juu. Siku mbili tunamaliza.»

«Na kuvunja ile ya zamani?»

«Kuvunja ni kupoteza feza bule, papa.»

Wageni walikuja, wakasifu, arusi ikapita vizuri. Mwezi wa nne, karo moja la karibu na mlango likaanza kulia chini ya mguu. Kisha la pili. Siku moja mtoto akakanyaga kipande kilichovunjika, akakatika kisigino. Ukuta wa chumba cha kulala, upande wa nyuma ya dushi, ukageuka mweusi chini, na godoro likaanza kunuka. Baba akalaumu fundi. Fundi akalaumu kole. Mama akalaumu baba. Hakuna aliyelaumu sakafu.

Walipobandua makaro waliona mambo matatu. Chini ya karo, sira nyekundu ilikuwa ingali inang'aa, na kole haikuweza kushika juu yake. Chini ya sira, sima ya zamani ilitoka vipande vipande kama mkate mkavu. Na maji hayakuwa yanakwenda kwenye kitundu chake. Yalikuwa yanateremka kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Ubaya wote ulikuwapo mbele ya fundi kufika. Makaro yaliufunika tu.

Basi neno la mwezi huu ni hili: karo ni nguo, si dawa. Ukivika nguo nzuri juu ya kidonda, kidonda hakiponi, kinaoza. Karo ni udongo uliochomwa kwa moto mkali. Ni gumu, lakini halijui kupinda. Sakafu ikicheza kidogo tu, karo linavunjika ao linaachia.

Tupite sasa hatua kwa hatua.

1. Jua kinacholia

Sauti ya ngoma inaonyesha kwamba sima ya juu, ile mafundi wanaita shapi, imeachana na beto ya chini. Hapo hakuna dawa ya kupaka. Ni kuvunja mpaka ufike pahali panapolia kama jiwe. Ikiwa zaidi ya nusu ya sakafu inalia, usihesabu tena vipande, toa yote.

Tazama na kuta. Chini ya ukuta ukiona unga mweupe kama chumvi, ao rangi inavimba, maji yanapita pale. Tafuta kwanza yanatoka wapi. Labda ni tiyo inayovuja ndani ya ukuta, ao kitundu cha maji kimeziba. Usiweke karo hata moja mbele ya kumaliza jambo hilo.

2. Pasuko lililokufa na pasuko lenye uhai

Si pasuko zote ni sawa. Kuna pasuko iliyomaliza kazi yake zamani, na kuna ile inayotembea kila mwaka. Utazijua namna gani? Paka kipande cha sima chembamba juu ya pasuko, kama daraja, ukubwa wa vidole viwili, uandike tarehe pembeni. Ngoja wiki chache. Daraja likibaki zima, pasuko imelala. Likikatika, sakafu ingali inatembea.

Katika maeneo ya migodi watu wanapenda kusema: «Ni baruti ya kampuni.» Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi sababu iko chini ya miguu yetu: mjazo wa chini ya sakafu ulitupwa tu, haukutwangwa. Ao mtu alijaza udongo wa kichuguu. Udongo ule unafanya matofali mazuri, sisi wote tunajua. Lakini chini ya sakafu haufai, kwa sababu ni udongo wa kunata: ukinywa maji unavimba, ukikauka unajikunja, na sakafu inapanda na kushuka pamoja nao. Kama pasuko yako ina uhai, fungua, toa udongo huo, ujaze mawe madogo na mchanga, tabaka moja moja la upana wa kiganja, na kila tabaka litwangwe vizuri mbele ya kuweka lingine. Kisha mwaga beto mpya. Ni kazi ya jasho, lakini wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

3. Safisha mpaka sima ionekane

Sira, rangi, mafuta na ngozi ya sabuni ya miaka mingi, vyote ni adui za kole. Hapa ufagio hautoshi. Kwangua. Na kama sakafu ni laini kama kioo, ipige kwa nyundo na burini, vidonda vidogo vidogo karibu karibu, mpaka iwe na meno. Sima mpya inashika kwenye meno, haishiki kwenye kioo.

Neno kwa vijana wanaofanya kazi hii: lowesha sakafu mbele ya kupiga, funga kitambaa puani, linda macho. Jamaa za wachimbaji, ninyi munajua vizuri namna vumbi la mawe linavyokula mapafu ya mtu polepole. Vumbi la beto ni ndugu yake. Na sima yenye maji inachoma ngozi. Nawa mikono na miguu mbio, usingoje jioni.

4. Mpe maji njia

Maji hayana akili mbaya. Yanakwenda tu pale unapoyaonyesha. Sakafu ya kuogea inapashwa kuteremka kwenye kitundu kwa sentimeta 1 mpaka 2 kwa kila metre moja. Zaidi ya hapo mtu anateleza. Chini ya hapo maji yanalala. Kama toka ukuta wa mbali mpaka kitundu kuna metre 1 na nusu, basi chini ya ukuta kunapashwa kuwa juu kuliko kitundu kwa sentimeta 1 na nusu mpaka 3.

Kupima si lazima chombo cha bei. Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani unatosha. Ujaze maji, utoe hewa yote, mtu mmoja ashike ncha huku, mwingine kule. Maji ya pande mbili yanasimama sawa siku zote. Weka alama ukutani kuzunguka chumba chote, kisha pima kushuka toka alama ile.

Usisahau mlango. Hesabu mapema unene wa shapi, wa kole na wa karo, kusudi mlango ufunguke na kizingiti kibaki juu kuliko sakafu ya kuoga. Jamaa nyingi zimekata mlango kwa msumeno usiku wa mbele ya sikukuu kwa kukosa hesabu hii.

5. Shapi mpya

Tuchukue chumba cha metre 2 kwa metre 1 na nusu. Hiyo ni metre 3 za mraba. Ukiweka shapi ya sentimeta 4 katikati ya unene na wembamba, na mahali pembamba pasiwe chini ya 3, utahitaji karibu litre 120 za mchanganyo. Hesabu yake: ndoo 12 za litre 10 za mchanga uliochujwa, na ndoo 3 za sima. Gunia moja la kilo 50 linatosha, na kidogo kinabaki. Angalia, gunia moja! Mara nyingi tunakimbia gunia moja la sima, na kisha tunapoteza makaro ya chumba kizima.

Maji yawe machache. Kamata mchanganyo katika kiganja, ufinye: ukisimama kama bonge bila kutoa maji, ni vizuri. Ukitiririka kati ya vidole, umezidisha, na shapi yako itakuwa na unga juu na kupasuka.

Lowesha beto ya zamani tangu usiku. Asubuhi iwe na unyevu lakini bila maji yanayosimama. Changanya sima na maji peke yake, uzito wa uji, uipake kwa ufagio mgumu sehemu ndogo, na mara moja weka shapi juu yake kabla uji haujakauka. Huo uji ndio unaoifunga mpya na ya zamani. Piga kwa truweli, vuta kwa ubao ulionyooka, fuata mteremko wako. Usiilainishe kama kioo.

Nyuma ya hapo, funika kwa magunia yaliyoloweshwa, uyanyweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Mwezi wa 9 na wa 10, wakati wa joto kali na upepo, kazi hii ni ya lazima zaidi, kwa sababu jua linainyang'anya sima maji yake mbele haijakomaa. Kisha toa magunia, uiache ikauke. Sima inahesabiwa kufika nguvu zake kwa siku 28. Mama atauliza: «Na siye tutaoga wapi siku zote hizo?» Ni swali la haki. Panga mapema pahali pa kuogea na beseni, omba kwa jirani, lakini usimsukume fundi. Haraka ya wiki mbili inaweza kula makaro ya miaka ishirini.

6. Zuia maji chini ya karo

Wengi wanafikiri karo linazuia maji. Karo, ndiyo. Lakini kati ya karo na karo kuna kiungo, na kiungo kinapitisha maji kidogo kidogo kila siku. Kwa hiyo kinga inapashwa kuwa chini. Madukani kuna rangi nzito ya kuzuia maji. Pakeni mara mbili, ya kwanza kwa upande mmoja, ya pili kuikata kama msalaba, mupande na ukutani sentimeta 15, na pale mtu anapojimwagia maji mupande mpaka juu ya kichwa. Katika pembe za sakafu na ukuta, na kuzunguka kitundu, muweke utepe wa nyavu ndani ya rangi, kwa maana pale ndipo panapopasuka kwanza.

Kisha jaribu. Ziba kitundu, mimina maji ya kina cha vidole viwili, weka alama kwa kalamu, uache siku moja nzima na usiku wake. Kesho maji yakiwa yameshuka sana, ao ukuta wa nyuma una jasho, tafuta kosa sasa. Leo ni kazi ya brashi. Kesho itakuwa kazi ya burini.

7. Na kama sakafu ni ya mbao?

Mwingine atasema: kwetu nani ana sakafu ya mbao? Wako. Kule Goma, tangu Nyiragongo imwage moto wake tarehe 17 Januari 2002, jamaa nyingi zilijenga nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Tena vijana wetu wengi sasa wako Kanada na Marekani, kule nyumba nyingi zina mifupa ya mbao, na chini ya chumba cha kuogea hakuna beto. Kijana akifika kule na kupanga makaro kwa akili ya hapa, ataharibu nyumba ya watu.

Mbao ina uhai hata nyuma ya kukatwa. Ikinywa unyevu inapanuka kwa upana, ikikauka inarudi. Kwa urefu haibadiliki sana. Karo halifuati mchezo huo. Kwa hiyo usibandike karo juu ya mbao za kupanga hata siku moja.

Kwanza tafuta uozo. Sukuma bisibisi karibu na choo, chini ya mlango, pembeni ya beseni ya kuogea. Ikizama kama katika ndizi iliyoiva, kata mpaka ufike mbao kavu na ngumu, na tengeneza tiyo inayovuja kabla ya kurudisha mbao mpya.

Pili, angalia kama sakafu inapinda. Weka kikombe cha maji chini, mwambie mtu mzito apite pembeni. Maji yakicheza sana, ile mihimili ya chini ni dhaifu. Kwa makaro ya udongo, mafundi wa kule wana kipimo: mhimili usipinde zaidi ya urefu wake kugawanya kwa 360. Mhimili wa metre 3 na sentimeta 60 usipinde kupita sentimeta 1. Kwa mawe ya asili wanataka nusu ya hapo. Ukishindwa, bandika mhimili mwingine pembeni ya ule wa zamani, ao weka nguzo katikati.

Tatu, funga mbao zote kwa visi, si misumari tu, kwa sababu msumari unatoka polepole na kuanza kulia. Juu yake weka mbao za tabaka, zile zilizoshikwa na gundi isiyoogopa maji. Kati ya kipande na kipande acha milimeta 3, na ukutani acha nafasi pia, kusudi mbao ipate pahali pa kupanukia. Juu ya hizo weka vibao vya sima. Vilaze juu ya kole ya sima iliyochanwa kwa truweli yenye meno, uvifunge kwa visi visivyoshika kutu, kila sentimeta 20. Viungo vyake visikutane na viungo vya mbao za chini. Jaza viungo kwa kole na utepe wa nyavu. Lakini ujue: kibao cha sima hakiozi, ila kinapitisha maji. Ile rangi ya kuzuia maji ingali inahitajika juu yake.

Unaona, ndugu? Hapa beto, kule mbao, lakini swali ni lile lile: kile cha chini kinacheza? Kinaoza? Kinayapeleka maji wapi?

8. Neno kwa nyumba, na neno kwa fundi

Jamaa ile tuliyoitaja ilifanya nini mwishoni? Baba na kijana wake wa mwisho walivunja wenyewe, jioni kwa jioni. Makaro mengi yalivunjika katika kubandua. Hawakuweza kununua mengine yote. Wakafanya shapi mpya na mteremko wake, wakapaka kinga, na makaro machache yaliyobaki mazima wakayaweka pale mtu anaposimama kuoga tu. Pengine pote ni sima safi. Si nzuri kama siku ya arusi. Lakini ukuta wa chumba cha kulala umekauka, na mama anasema: «Sasa ninalala bila kusikia harufu.»

Basi mama na baba, mukiwa na feza ya makaro, igawanyeni mara mbili mbele ya kwenda sokoni. Sehemu ya kwanza ni ya kile kisichoonekana: sima, mchanga, kinga ya maji, na siku za fundi za kuvunja. Kinachobaki ndicho cha makaro. Kama hakitoshi, nunua makaro ya bei ndogo, ao ngoja. Sakafu nzuri ya sima bila karo ni nyumba safi. Karo zuri juu ya sakafu mbovu ni deni.

Nawe kijana fundi, unayesoma ukurasa huu: mwenye nyumba atakusukuma, atasema wengine wanafanya kwa siku mbili. Gonga mbele yake. Mwache asikie ngoma kwa masikio yake mwenyewe. Kisha mwambie kwa heshima: «Papa, hapa siwezi kubandika.» Labda utakosa kazi hiyo. Lakini yule uliyemwambia kweli ndiye atakayekuita tena, na atakupeleka kwa shemeji yake.

Sasa rudi kwenye alama zako za makaa. Uzihesabu pamoja na watoto, uwaonyeshe tofauti ya sauti. Mwezi ujao, kama sakafu yenu inalia kama jiwe pote, tutazungumza juu ya kupanga makaro yenyewe.